Mstari Aliousafisha Shangazi

Shangazi yangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini chuoni anakofanya kazi sijui kama yupo anayelikumbuka. Wanamwita Kimya. Ukiingia kwenye chumba chake cha kupimia metali huku unaongea, anakuinulia kidole kabla hujamaliza sentensi, na kidole hicho kimewanyamazisha wahandisi, wakaguzi, na siku moja waziri mzima aliyekuja kukata utepe. Nyumbani ni hivyo hivyo. Mimi nimelelewa na kidole hicho tangu nina miaka tisa. Leo nina cherehani yangu, wateja wangu na mdomo wangu, lakini kikiinuka bado naufunga.

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake imekuwa kuvuta vyuma mpaka vikatike. Kwake kila metali ni chuma, iwe shaba, iwe zinki, usimsahihishe. Mashine yake ni ndefu kuliko mlango, rangi ya kijani imebanduka magotini kama suruali ya mtoto, na ina taya mbili, moja juu na moja chini. Unabana kipande katikati, unawasha, na taya ya chini inashuka taratibu kiasi kwamba ukiikodolea macho huioni ikienda. Pembeni kuna kalamu inayochora kwenye karatasi ndefu inayojiviringisha, ikionyesha chuma kinavyokaza na kinavyolegea. Basi. Mara moja nilikaa naye kutwa nzima kuona anafanya nini, na nikiri kwamba nimewahi kushona kofia zenye msisimko zaidi.

Yeye hachoki. Anakaa kwenye kistuli, penseli sikioni, macho kwenye kalamu. Kalamu ikitikisika kwa sababu ya jambo lililotokea chumbani, anaandika pembeni palepale, pamoja na saa: "Si chuma. Mlango." "Si chuma. Lori limepita." "Si chuma. Nimepiga chafya." Fundi aliyemtangulia alimfundisha hivyo, kwamba karatasi ile ni ushahidi, na shahidi akikohoa lazima iandikwe kwamba alikohoa. Ndiyo maana anataka watu wanyamaze. Si ukali, ingawa ukali nao anao wa kutosha.

Fundi huyohuyo alimfundisha jambo la pili, na hilo ndilo lililotuletea balaa. Kipimo kikiisha, unaweka karatasi nyepesi inayoonyesha kilicho chini yake juu ya ile ya mashine, unachukua rula ya mbao iliyopinda, na unachora mstari mmoja msafi unaopita katikati ya mitetemo yote. Walikuwa wanaita kusafisha mstari. Karatasi chafu inabaki stoo, mstari msafi unaingia kwenye kitabu cha utafiti cha mwanafunzi. Na mstari wa Shangazi ulikuwa mzuri, jamani. Wanafunzi walipanga foleni. Mimi ninayekata shingo za magauni kila siku najua mkono mzuri nikiuona, na sijawahi kuona mkono unaopinda kona bila kusita kama wa shangazi yangu.

Stoo ilipokuja kusafishwa, miaka hiyo, waliziweka karatasi chafu nje ili zichomwe. Shangazi alizibeba zote, akazileta nyumbani, akazipanga chini ya kitanda changu. Nimelala juu ya karatasi hizo ujana wangu wote. Nilipoanza kujifunza ushonaji nilizitamani ile mbaya, kwa sababu zilikuwa ndefu na nyuma hazijaandikwa kitu, safi kabisa kwa kukatia mitindo. Siku niliyochukua moja na mkasi, alinifokea mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Nikakatia mitindo yangu kwenye magazeti, nikanuna wiki mbili, na sikuzigusa tena. Wala sikuwahi kuzifungua kuona zina nini.

Lazima niseme na hili, maana bila hili mtaniona nimemsifu tu. Nilikuwa na kinyongo naye. Mama sikumjua. Siku baba yangu alipofia hospitalini, ndugu wote walifika kabla ya adhuhuri, majirani wakafika, hata mwalimu wangu akafika. Shangazi, dada yake pekee, aliyekuwa kazini mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo, alifika saa kumi jioni. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi nikimtazamia yeye tu. Nilipomuuliza baadaye alikuwa wapi, alisema, "Nilikuwa kazini," akaanza kupanga nguo zangu kwenye begi. Alinichukua siku hiyohiyo, akanilea, akanisomesha, akaniuguza tetekuwanga kwa mikono yake. Nampenda kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini ile saa kumi nilikuwa nayo, miaka ishirini na miwili.

Sasa, mwaka huu alikuja chumbani kwake mtafiti mmoja, msichana mdogo wa mwili na mwenye haraka ya maneno, anayesomea udaktari wa fizikia. Shangazi alimpenda kwa sababu ndiye mwanafunzi wa kwanza aliyenyamaza kabla ya kuinuliwa kidole. Alikuwa anaotesha fuwele za zinki, vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, ambamo atomi zote zimepangwa safu kwa safu kwa mpangilio mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Anavibana kwenye mashine, anavivuta, anahesabu miruko ya kalamu.

Alikuja kula kwetu Jumapili moja, akanieleza, na kwa mara ya kwanza nikaelewa shangazi yangu anafanya nini maishani. Alisema metali hairefuki kwa safu nzima kuteleza kwa mpigo mmoja, hiyo ingehitaji nguvu kubwa mno. Ndani ya safu kuna kasoro, mahali ambapo safu imekatika njiani, na kasoro hizo ndizo zinazotambaa. Akaniuliza zulia letu kubwa tunalisogezaje. Nikamwambia kulivuta haiwezekani, kabati limekaa juu yake upande mmoja na meza upande mwingine. Shangazi huwa analikunja kidogo ukingoni, halafu anausukuma mkunjo kwa mguu mpaka utokee upande wa pili, na zulia linakuwa limesogea. "Ndiyo hivyo," akasema. "Kasoro ni ule mkunjo."

Ila kasoro ziko nyingi sana, na zinashikana. Moja ikikwama inazuia nyingine. Moja ikiachia inaisukuma ya jirani, na hiyo inasukuma ya kwake. Mara nyingi msukumo unaishia hapohapo. Mara chache unaendelea, na kasoro elfu nyingi zinaporomoka pamoja, kalamu inaruka. Kwenye nondo nene huoni kitu, kwa sababu miruko ni mingi mno na inafunikana. Kwenye kijiti chembamba cha fuwele moja unaiona mmoja mmoja. Na jambo lililokuwa linamnyima usingizi lilikuwa hili: huwezi kujua mruko ujao utakuwa mkubwa au mdogo, hakuna ajuaye, lakini ukikusanya miruko elfu na kuipanga kwa ukubwa, midogo ni mingi sana, ya kati ni michache, mikubwa ni adimu, na uwiano wake haubadiliki, ukirudia kipimo leo au mwezi ujao. Shangazi alikuwa anakula. Halafu akasema yeye amekuwa akiiona miruko hiyo tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake.

Tatizo lilikuwa mkuu wa idara. Tumwite Profesa, ndivyo wote wanavyomwita. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye amekuwa sahihi kwa muda mrefu na amezoea. Aliiangalia kazi ya mtafiti akasema miruko ile ni ya mashine, mashine imezeeka, skrubu zimelegea. Akaandika iondolewe iende kwenye vyuma chakavu, na Jumatatu kamati ingekaa kuamua kama msichana aanze upya na mashine mpya. Kuanza upya maana yake kazi yake yote kapuni, na ufadhili wake ulikuwa unaisha mwaka huohuo. Angerudi kwao mikono mitupu.

Mtafiti alijitetea kwamba mashine haina kosa. Alibana springi nene ya chuma kwenye mashine ileile, akaivuta kidogo, na kalamu ikachora mstari usiotikisika hata chembe. Profesa alisema springi haithibitishi kitu, haijavutwa mpaka kulegea. Kisha akachukua kwenye rafu kitabu chake mwenyewe cha udaktari, chenye jalada jekundu, akakifungua ukurasa anaoujua kwa moyo.

"Mashine hii hii," alimwambia. "Zinki, fuwele moja, unene huohuo. Nionyeshe miruko iko wapi."

Mstari ulikuwa laini kama ukingo wa sahani. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao na kitambaa cha kufutia grisi mkononi, na aliutambua mkono wake.

Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. Nilimuuliza kuna nini, akanieleza yote, tangu rula ya mbao. Nilikasirika, na nikikasirika huwa sina breki. Nilimwambia anyamaze, kunyamaza si ndiyo fani yake. Bado miezi minne astaafu. Akisema kwamba ameviandikia vitabu vya watu mistari isiyo ya kweli, wataanza na cha Profesa na hawatajua waishie wapi, na jina lake lililomchukua miaka thelathini na moja litakuwa jina la fundi aliyedanganya. Msichana ni kijana, atapata njia nyingine.

"Sikudanganya," akasema. "Nilifundishwa kwamba ile ni takataka, nikaiondoa. Lakini sasa nimejua si takataka. Nikinyamaza leo, ndiyo nitakuwa nimedanganya."

Halafu akaniambia nisogeze kitanda changu.

Jumatatu asubuhi tuliingia chuoni mimi na yeye tukiwa tumebeba karatasi kwenye magunia mawili ya nailoni, za miaka yote, nzito kama maiti. Mlangoni kwa Profesa akaniambia ningoje nje. Nikamwambia nimebeba gunia ghorofa tatu, siwezi kungojea nje kama mpeleka mboga. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kidole kikaanza kuinuka, halafu kikashuka. Nikaingia.

Mtafiti alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa kwa daktari. Shangazi hakukaa. Alisema kwa adabu zote, "Profesa, naomba radhi. Ule mstari kwenye kitabu chako niliuchora mimi."

Profesa alicheka kidogo, akasema bila shaka, yeye ndiye aliyekuwa anawachorea wote. Shangazi akamwambia hakumaanisha hivyo. Akamweleza kuhusu ile karatasi nyepesi na rula, na mitetemo aliyoiacha nje. Kisha akatoa kwenye gunia karatasi moja iliyofungwa kwa uzi mwekundu, ambayo alikuwa ameitenga tangu nyumbani, akaiweka mezani. Juu yake kulikuwa na namba ya kipande na tarehe. Tarehe hiyo sikuiona, nilikuwa nimesimama upande wa pili. Profesa aliitambua namba hiyo. Ilikuwa fuwele aliyoiotesha kwa miezi saba, ya pekee, zilizotangulia zote zilipasuka kwenye tanuru.

Profesa aliifungua taratibu, karatasi ikatambaa mezani mpaka ikaning'inia upande wa pili. Miruko ilikuwa imejaa. Midogo kama meno ya kitana, na mara moja moja mmoja mrefu unaoshuka chini kabisa kabla kalamu haijapanda tena. Aliinama juu yake. Nilimwonea huruma, maana ni mtu mzima, na alikuwa anaangalia kitu alichokuwa nacho mkononi miaka ishirini na miwili bila kujua.

Lakini hakuwa mtu wa kukubali upesi. Alisema miruko hii inaweza kuwa ya jengo, ya barabara, ya chochote. Shangazi akamwambia asome pembeni. Hapo Profesa akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata penseli iliyofifia.

"Saa tatu na dakika tano. Si chuma. Mlango. Saa tatu na nusu. Si chuma. Lori limepita." Akaendelea. Kila mahali penye mtikisiko wa nje palikuwa na sababu na saa yake, na miruko iliyobaki bila maandishi, yaani karibu yote, haikuwa na pa kutokea ila kwenye zinki. Mtafiti alikuwa ameanza kunyanyuka kwenye kiti bila kujijua.

"Saa nne na dakika kumi," akasoma Profesa. "Si chuma. Mkono wangu." Midomo yake ilisoma iliyobaki bila sauti, kisha akavua miwani akamtazama Shangazi.

Nilizunguka meza. Maandishi yalikuwa yake yaleyale, herufi zimesimama wima, ila safari hii penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karibu itoboe: "Si chuma. Mkono wangu. Simu kutoka hospitali, kaka amefariki. Naendelea." Chini yake kipimo kilikuwa kimeendelea, na kila kitu kimeandikwa. Mlango. Lori. Chafya hakuna. Mwishoni kabisa: "Saa tisa na dakika ishirini. Kimekatika."

Hapo ndipo nilipoitazama tarehe.

Profesa aliongea kwanza. Alisema anaikumbuka siku hiyo. Alikuwa amekesha siku mbili na tanuru, na Shangazi akamfukuza aende akale na kulala, akamwahidi hataiacha mashine. Aliporudi alikuta kazi imekwisha, stuli tupu na karatasi imeshafungwa kwa uzi mezani. "Hukuniambia," alisema. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungeizima," Shangazi akajibu. "Na ukiizima katikati, kipande kimeharibika. Ulikuwa na hicho kimoja tu."

Kisha akanigeukia mimi, na nikaona kwamba alilokuwa analiogopa tangu mlangoni lilikuwa hili, wala si Profesa.

"Kaka alikuwa ameshaondoka," alisema. "Nilijiuliza nani ananisubiri. Nikasema ni yeye, na yeye ndiye mtu pekee ambaye hangenikasirikia. Wewe sikukuhesabu. Nilifika pale nikakukuta kwenye benchi, ndipo nikajua nimekosea hesabu. Sikujua nikuambieje."

Ningependa kusema nilijibu jambo la maana. Nililia, kwenye ofisi ya mtu, na magunia mawili miguuni. Yeye alinipangusa uso kwa kile kitambaa chake cha grisi, nikatoka hapo nimepakwa nyeusi hadi sikioni, na wala sikujali.

Kamati haikukaa siku hiyo. Profesa aliiandikia barua kwamba kazi ya mtafiti iendelee na mashine isiguswe, na kwamba yeye mwenyewe ana marekebisho ya kufanya kwenye kitabu chake. Barua hiyo aliiandika mbele yetu, kwa mkono, na nilimwona akiufuta mstari mmoja mara tatu. Jina la Shangazi aliliandika kamili, lile alilopewa na wazazi wake, ikabidi amuulize linaandikwaje.

Siku hizi kila Jumapili tunahesabu. Tumeliviringisha zulia, tumetandaza karatasi sakafuni kutoka kabatini mpaka mlangoni, na tuko wanne: mtafiti na daftari, Profesa amepiga magoti amekunja mikono ya shati, Shangazi na penseli, na mimi ambaye macho yaliyozoea sindano yamenipa cheo cha kuhesabu miruko midogo. Anayeongea anainuliwa kidole, Profesa akiwemo. Mpaka sasa tumemaliza karatasi za miaka kumi na moja, shaba, zinki na aluminiamu, na kila tukipanga, uwiano ni uleule: midogo tele, mikubwa michache. Mtafiti anasema hajawahi kusikia mtu mwenye rekodi ndefu namna hii. Shangazi anamjibu kwamba yeye si mtu mwenye rekodi, ni mtu mwenye kitanda kikubwa.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye ile yenye uzi mwekundu. Aliniachia niihesabu mimi. Nilihesabu kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, na nilipofika saa nne na dakika kumi nikasimama, kwa sababu ule ulikuwa mruko mrefu kuliko yote ya karatasi nzima.

"Huo usiuhesabu," akasema nyuma yangu. "Huo si wa chuma."

Niliufunika kwa kidole, nikaendelea na unaofuata.